KUSASISHA FEMWEA YA KASHA LA DISKI YA USB KWA LINUX: SOMA KWANZA KABLA HUJAUA VITU VYA WATU

Leo siasa na matukio naviweka pembeni kidogo. Kuna jambo nimeulizwa mara nyingi hapa Nyabusozi na wadau wanaoniletea diski zao, na kila mara najibu kwa mdomo halafu linasahaulika. Nimeona niliandike lote mara moja, liwe linasomwa na yeyote atakayekwama.

Mimi nilimaliza kidato cha nne, sijasomea kompyuta chuo chochote. Naandika habari, na pembeni naweka nyimbo kwenye simu za watu, nachapa barua, nahamisha picha na video. Laptop yangu ni ya zamani na inatumia Ubuntu, kwa sababu flashi za wateja wangu zimejaa virusi vya Windows. Kwa hiyo haya niliyoandika nimeyafanya kwa mikono yangu, mengine kwa kuumia.

KISA CHENYEWE

Mama mmoja alikuja kutoka upande wa Runazi. Nikamwamkia, akaitika marahaba, akakaa. Aliongozana na kijana anayepiga video za harusi, komunyo na misiba huku kwetu. Kijana alikuwa na diski ya nje, ile wengi mnaiita eksteno, yenye kazi zake za miaka minne. Ndani yake kulikuwa na video ya mazishi ya mama yake huyo mama. Kaka yake alikuwa mbali, hakuwahi kufika kuzika, na alitaka aone.

Mama akaniambia, "Mwanangu, huyu kijana anasema video ipo lakini haitoki. Kitu kikiwepo kinashindwaje kutoka?"

Swali zuri sana hilo. Diski ilikuwa inaonekana, mafaili yanaonekana, ukianza kukopi inakwenda vizuri mpaka kama giga 3, halafu kimyaa. Diski inapotea kwenye skrini, baada ya sekunde chache inarudi kama mpya. Kijana akasema amesoma mtandaoni kwamba dawa ni kuapdeti femwea ya kasha, nimfanyie pale pale.

Nilikataa. Siyo kwamba siwezi, ila nilishawahi kuua kasha langu mwenyewe kwa njia hiyo hiyo. Nilikuwa natumia kompyuta ya mezani, kazi iko katikati, umeme ukakatika. Uliporudi, kasha halikuonekana tena kwenye kompyuta yoyote. Ponapona yangu ni kwamba ndani yake niliweka diski mbovu isiyo na kitu. Kama ningeweka ile yenye picha zangu, labda leo nisingekuwa naandika haya.

Kwa hiyo neno langu la leo ni hili: FEMWEA NI HATUA YA MWISHO, NA HAIFANYWI KAMWE DISKI YENYE VITU VYA WATU IKIWA NDANI. Twende taratibu.

KASHA NI NINI, FEMWEA NI NINI

Ukifungua kasha la diski ya nje utakuta vitu viwili. Cha kwanza ni diski yenyewe, inayozungumza lugha ya SATA. Cha pili ni kibodi kidogo cha saketi chenye chipu inayozungumza USB upande mmoja na SATA upande wa pili. Chipu hiyo inaitwa daraja. Kazi yake ni ukalimani, kama wale vijana wa mpakani Rusumo wanaomsaidia dereva wa lori aelewane na mwenyeji.

Femwea ni programu ndogo iliyo ndani ya hiyo chipu, au kwenye kichipu cha kumbukumbu cha miguu minane kilicho pembeni yake. Ndiyo kamusi ya mkalimani. Kamusi ikiwa na makosa, kompyuta inasema hivi na diski inasikia vile. Hapo diski inapotea ghafla, hailali inapotakiwa kulala, au inaonyesha ukubwa usio sahihi.

Angalieni jambo moja muhimu. Femwea ya KASHA siyo femwea ya DISKI. Diski nayo ina femwea yake, na hiyo ni habari nyingine kabisa. Ukichanganya mafaili ya hizi mbili umekwisha.

KWA NINI DISKI INAPOTEA KATIKATI YA KUKOPI

Njia ya zamani ya kusafirisha data kwa USB, iliyowekwa rasmi mwaka 1999, inapeleka agizo moja moja. Unaagiza, unasubiri jibu, ndipo unaagiza lingine. Baadaye ikaja njia mpya inayoitwa UAS, inayoruhusu maagizo mengi kwa mpigo, kama mama lishe anayepokea oda za meza nzima badala ya sahani moja moja. Linux ilianza kuitumia UAS kwa uhakika kuanzia kerneli 3.15, mwaka 2014.

Tatizo ni kwamba baadhi ya makasha yanadai yanaijua UAS, kumbe femwea yao inajikanyaga mzigo ukiwa mkubwa. Faili dogo linapita. Video ya giga 8 haipiti. Waliotumia Raspberry Pi 4 ilipotoka mwaka 2019 wanalijua hili vizuri, maana wengi walichomeka makasha ya USB 3 wakakutana na kero hiyo hiyo.

HATUA YA 1: TAFUTA UGONJWA KABLA YA DAWA

Fungua terminali. Chomeka kasha, kisha andika:

sudo dmesg -w

Iache hapo, anza kukopi faili kubwa, na utazame. Mistari yenye maneno uas_eh_abort_handler au reset SuperSpeed USB device ikijirudia, mkalimani anajikanyaga. Ukiona USB disconnect, kasha limeachia kabisa, na mara nyingi hapo mshukiwa wa kwanza ni waya au umeme, siyo femwea.

Umeme ni muhimu mno. Tundu la USB 2.0 kwa kawaida linatoa miliampia 500, la USB 3.0 linatoa 900. Diski ndogo ya inchi 2.5 inapoanza kuzunguka inaweza kutaka zaidi ya hapo kwa sekunde chache. Kwa hiyo:

- Badilisha waya, tumia mfupi.
- Ondoa habu, chomeka moja kwa moja kwenye laptop.
- Jaribu tundu lingine.
- Kama kasha lina adapta yake ya ukutani, jaribu adapta nyingine yenye volti ile ile na ampia zisizopungua za ile ya kwanza, na hakikisha pini na pande za chanya na hasi zinalingana.

Halafu pima afya ya diski yenyewe:

sudo apt install smartmontools
sudo smartctl -a -d sat /dev/sdb

Badala ya sdb weka jina la diski yako. Ulijue kwa amri ya lsblk, ukilinganisha ukubwa. USIBAHATISHE, sda mara nyingi ndiyo diski ya laptop yako!

Tazama mistari hii mitatu. Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector zikiwa juu ya sifuri, diski yenyewe imeanza kuchoka, na femwea ya kasha haitaiponya. Hapo kazi ni moja tu, kuokoa data haraka. UDMA_CRC_Error_Count ikiwa inapanda kila ukipima, tatizo liko kwenye mawasiliano kati ya kibodi na diski, pengine viunganishi vimelegea au vina vumbi. Barabara zetu mnazijua, vumbi jekundu linaingia popote.

Diski ya yule kijana ilikuwa nzima kabisa. Waya mpya ulipunguza tatizo lakini haukulimaliza.

HATUA YA 2: MJUE MKALIMANI

Andika:

lsusb

Utaona orodha, na kwenye kila mstari kuna ID yenye namba mbili zilizotenganishwa na nukta pacha. Namba ya kwanza ni ya kampuni ya chipu au ya muuza kasha. Hizi ndizo utakutana nazo sana:

- 152d ni JMicron
- 174c ni ASMedia
- 0bda ni Realtek
- 2109 ni VIA Labs

Zote nne ni kampuni za Taiwan. Nembo nje ya kasha inaweza kuwa ya jina lolote, lakini ndani mara nyingi utakuta mmoja wa hawa.

Mfano nitakaotumia ni 152d:0578, wa chipu ya JMS578, kwa sababu habari zake ziko wazi kwa kila mtu. Kasha la mteja wangu silitaji, msije mkadhani ndilo hilo.

Sasa angalia linatumia njia gani:

lsusb -t

Ukiona Driver=uas, ni njia mpya. Ukiona Driver=usb-storage, ni ya zamani. Pembeni kuna kasi, 480M ni USB 2.0 na 5000M ni USB 3.0.

Na toleo la femwea unaweza kulipata hapa:

sudo lsusb -v -d 152d:0578 | grep bcdDevice

Kwa makasha mengi namba hiyo hubadilika femwea ikibadilika. Iandike kwenye karatasi.

Tahadhari: namba moja ya ID inaweza kutumika na chipu zaidi ya moja. Kama unataka kweli kubadilisha femwea, fungua kasha usome maandishi juu ya chipu kwa macho yako. Piga picha kwa simu, ikuze, usome. Herufi moja ya mwisho inaweza kuwa tofauti kati ya kupona na kufa.

HATUA YA 3: JARIBU DAWA ISIYO NA HATARI

Linux ina njia ya kuiambia kerneli isitumie UAS kwa kasha fulani tu. Haigusi femwea hata kidogo, na ukiifuta mambo yanarudi kama yalivyokuwa. Tengeneza faili:

sudo nano /etc/modprobe.d/kasha.conf

Ndani andika mstari mmoja, ukiweka namba za kasha LAKO:

options usb-storage quirks=152d:0578:u

Herufi u ya mwisho ndiyo inayosema usitumie UAS. Hifadhi, kisha kwa Ubuntu na Debian:

sudo update-initramfs -u

Washa upya kompyuta, chomeka kasha, andika tena lsusb -t. Ukiona usb-storage badala ya uas, imekubali. Kwa wenye Raspberry Pi, maneno usb-storage.quirks=152d:0578:u huwekwa kwenye faili la cmdline.txt, kwenye mstari ule ule mmoja uliomo, usiongeze mstari mpya.

Kasi itapungua kiasi, hasa kwa SSD. Kwa diski ya kuzunguka tofauti ni ndogo.

Hapa ndipo yule mama alipopata jibu lake. Baada ya dawa hii, nilikopi video ya mazishi kwanza, giga 8 na kitu, ikaingia yote bila kukatika. Nikaifungua kuhakikisha. Mama aliitazama dakika chache kwenye skrini ya laptop, akasema basi inatosha, zima. Nikamwekea kwenye flashi ampelekee kaka yake.

Kisha nikakopi kazi zote za yule kijana kwenye diski nyingine. Ilichukua nusu siku. Kama angekubali niishie hapo, ningeishia hapo.

KWA NINI BASI UHANGAIKE NA FEMWEA?

Kijana akaniuliza, "Sasa kaka, nikienda kwa mteja wa Nyakanazi mwenye laptop yake inakuwaje?" Ana haki. Dawa ya hatua ya 3 inakaa kwenye kompyuta yako, ila ugonjwa unasafiri na kasha. Ukichomeka kwingine, tatizo liko pale pale. Kuandika faili kwenye kila kompyuta ya kila mteja haiwezekani.

Sababu nyingine ni matatizo ambayo Linux haiwezi kuyazunguka. Mfano unaojulikana ni wa kampuni ya Hardkernel ya Korea Kusini. Mwaka 2017 walitoa kompyuta ndogo ya kuhifadhia data, ODROID-HC1, yenye chipu ya JMS578 kwenye bodi. Waliitolea femwea mpya pamoja na programu ya Linux ya kuiweka, na moja ya mambo yaliyoshughulikiwa ni diski kulala inapokuwa haina kazi. Ule ndio utaratibu mzuri. Mtengenezaji mwenyewe anatoa faili, anatoa chombo cha Linux, anaandika maelezo.

Makasha mengi ya bei nafuu hayana bahati hiyo.

HATUA YA 4: PATA FAILI SAHIHI, KUTOKA MAHALI SAHIHI

Kwanza jaribu njia rahisi. Linux ina programu inaitwa fwupd, iliyoanzishwa na Richard Hughes wa Red Hat mwaka 2015. Inapakua femwea zilizowekwa na watengenezaji wenyewe na kuzihakiki. Andika moja baada ya nyingine:

fwupdmgr get-devices
fwupdmgr refresh
fwupdmgr get-updates

Kasha lako likiwemo na apdeti ipo, unaandika fwupdmgr update na kufuata maelekezo. Lakini nisiwadanganye. Humo utakuta zaidi laptop, doki na baadhi ya SSD. Kasha la mtaani ni nadra.

Pili, nenda tovuti ya aliyeuza kasha, siyo ya chipu. Kampuni za chipu kwa kawaida zinawahudumia watengeneza makasha, siyo mimi na wewe. Na chipu ileile kwenye makasha mawili tofauti inaweza kutaka femwea tofauti, kwa sababu taa, kitufe, na mpangilio wa umeme vimewekwa tofauti.

Tatu, USICHUKUE faili la mtu usiyemjua, hata kama amesema kwake limefanya kazi. Mwaka 2014 watafiti Karsten Nohl na Jakob Lell walionyesha kwenye mkutano wa Black Hat huko Marekani kwamba femwea ya kifaa cha USB inaweza kubadilishwa ili flashi ijifanye kibodi na kuandika amri yenyewe. Waliita BadUSB. Kasha lenye femwea chafu halisafishwi kwa kufomati wala kwa antivirusi, maana uchafu haumo kwenye diski. Mkiwa kafe ambako kompyuta moja inatumiwa na watu hamsini, fikirieni hilo.

Mtengenezaji akiwa ameweka namba ya sha256 pembeni ya faili, ilinganishe:

sha256sum jina-la-faili.bin

Herufi zote zifanane. Mtandao wetu unakatika katikati ya kupakua, na faili lisilokamilika ni sumu.

HATUA YA 5: MAANDALIZI

Hapa ndipo watu wanapofanya haraka. Usiruke hata kimoja.

1. Nakala za kila kitu ziko kwenye diski nyingine, na umefungua mafaili kadhaa kuhakikisha yanasoma.

2. Andika mpangilio wa diski ulivyo sasa: sudo fdisk -l /dev/sdb. Tunza hasa mstari wa ukubwa wa sekta. Baadhi ya makasha, hasa ya diski kubwa kuliko TB 2, yanaionyesha kompyuta sekta za baiti 4096 wakati diski ndani inatumia 512. Femwea mpya ikibadilisha hilo, diski itaonekana tupu kabisa ingawa data ipo. Ukikutana na hali hiyo USIFOMATI.

3. Jua kama kasha linasimba data kwa siri. Kuna diski za nje, zikiwemo baadhi za familia ya WD My Book na My Passport, ambazo chipu ya kasha inasimba kila kitu hata kama hukuwahi kuweka nywila. Watafiti waliandika kwa kirefu juu ya hizi mwaka 2015. Kasha la aina hiyo likifa, kuhamishia diski kwenye kasha lingine hakusaidii, utaona takataka tu. Kwa hizi ushauri wangu ni usiguse femwea mwenyewe.

4. Toa diski yenye data. Weka diski chakavu isiyo na thamani. Programu nyingi za kuweka femwea zinataka kuwe na diski ndani ndipo zilione kasha, ila hazijali ni ipi.

5. UMEME. Tumia laptop yenye betri nzima iliyojaa, siyo kompyuta ya mezani. Kasha la inchi 2.5 linakula umeme wa laptop, kwa hiyo taa zikizimika nyumba nzima wewe unaendelea. Kasha la inchi 3.5 linakula ukutani kwa adapta yake, na hapo betri ya laptop haikusaidii kitu. Hilo linataka UPS au inveta ya sola. Huku kwetu tumeishi na jenereta miaka mingi, na hata leo baada ya kituo kikubwa cha Nyakanazi na mitambo ya maji ya Rusumo yenye megawati 80, mimi bado sifanyi kazi hii kwa kuamini ukuta.

6. Zima kulala kwa laptop, usifunge kifuniko, funga programu zingine. Usipitie habu. Na usifanye mawingu yakiwa yamefunga, radi za Kagera hazina adabu.

HATUA YA 6: KAZI YENYEWE

Hakikisha jina la diski chakavu kwa lsblk, kisha shusha sehemu zake zilizofunguka:

sudo umount /dev/sdb1

Kila mtengenezaji ana chombo chake. Kwa mfano cha Hardkernel cha JMS578 kinatumiwa hivi. Kwanza unasoma toleo lililopo:

sudo ./JMS578FwUpdate -d /dev/sdb -v

Kisha unaweka jipya huku ukitunza la zamani:

sudo ./JMS578FwUpdate -d /dev/sdb -f ./mpya.bin -b ./zamani.bin

Hiyo -b ndiyo inayotunza nakala ya femwea ya zamani. Chombo chako kikiwa na uwezo huo, UTUMIE. Hilo faili ndilo tiketi yako ya kurudi. Narudia, hizo amri ni za kasha lile, za kwako zisome kwenye maelezo yake.

Kazi yenyewe ni fupi, kwa kawaida sekunde chache au dakika moja mbili. Usiguse waya. Usibonyeze kitu kwa sababu ya wasiwasi. Ikisema imemaliza, chomoa kasha, hesabu mpaka kumi, chomeka tena.

Kama chombo ni cha Windows tu, msihangaike na Wine, maana programu hizi zinataka kumgusa mkalimani moja kwa moja. VirtualBox nayo siipendi kwa kazi hii. Katikati ya zoezi kasha hujizima na kujitokeza upya, wakati mwingine na namba nyingine ya ID, na mashine ya ndani inaweza kulipoteza hapo hapo. Azima laptop ya Windows yenye betri nzima. Siyo aibu.

HATUA YA 7: HAKIKI KABLA HUJARUDISHA DISKI YA MTU

Bado na diski chakavu:

- Soma bcdDevice tena, linganisha na karatasi yako.
- Rudia fdisk -l, ukubwa na sekta ziwe kama mwanzo. Kama diski chakavu ni nyingine, ilinganishe na ilivyoonekana kabla.
- Futa lile faili la kasha.conf, fanya update-initramfs, washa upya, hakikisha lsusb -t inaonyesha uas.
- Kopi faili la giga 10 au zaidi kwenda na kurudi, kisha linganisha sha256sum za faili la mwanzo na lililorudi. Zikifanana, na dmesg iko kimya, umepona.

Kasha la yule kijana muuzaji wake alikuwa na faili na maelezo kwenye tovuti yake. Nilifanya usiku, laptop imejaa, diski chakavu ndani. Nikajaribu siku mbili mfululizo kabla ya kurudisha diski yake. Mpaka naandika haya hajalalamika.

MASWALI MNAYONIULIZA SANA

Kasha likifa, diski nayo imekufa? Hapana, kwa makasha ya kawaida yasiyosimba. Toa diski, iweke kwenye kasha lingine au kwenye kompyuta ya mezani kwa SATA. Isipoonekana vizuri, kumbuka habari ya sekta, na usifomati.

Kasha lililokufa linafufuka? Baadhi. Kuna chipu ambazo zikikosa femwea nzuri zinabaki na programu ya msingi ya kiwandani na bado zinaonekana kwenye lsusb, hivyo unajaribu tena kwa faili sahihi. Nyingine zinataka fundi mwenye kifaa cha kuandika kile kichipu cha miguu minane, kama CH341A. Mara nyingi kasha jipya ni nafuu zaidi.

Kila kitu kiko sawa, niapdeti tu ili iwe mpya? USIFANYE. Kasha lisilo na tatizo liache.

Kwa nini ujumbe wote huu ni wa Kiingereza? Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi wa Kilinux wakishirikiana na Waswidi, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Menyu zilitafsiriwa, lakini kerneli inapolia bado inalia Kiingereza. Ndiyo maana nimeandika hapa.

KWA KIFUPI

Waya kwanza. Afya ya diski pili. Quirks tatu. Nakala nne. Femwea mwisho, kwa diski chakavu, kwa betri.

Kasha linapatikana dukani. Video ya mazishi ya mama wa mtu haipatikani dukani.

Mwenye kasha lililomshinda aandike hapo chini namba ya ID kutoka lsusb na mistari ya dmesg, tusaidiane. Na mnaojua zaidi yangu, nirekebisheni bila matusi.

Nawasilisha, kutoka Nyabusozi.